Kijidudu Kinachojisokotea Nywele

Nina hasira, na ninasema mapema ili anayesoma asingoje nipoe. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini majina hayanipotei. Kila aliyeketi katika kikao kile ninalijua jina lake, la mama yake, na la mbwa wake. Hapa sitayaandika. Wenyewe wakisoma watajijua, na wasipojijua wake zao watawasomea.

Habari hii ni ya mke wa mwanangu wa mwisho. Kwetu mke huitwa kwa alikotoka, ndiyo maana hapa bomani yeye ni Nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, maana kwao ni karibu na soko la Katito. Mimi ni Nyar Alego tangu nilipoletwa hapa nikiwa msichana mbichi. Boma letu liko kati ya Otonglo na Kisian, upande wa chini wa barabara ya Busia, mahali ambapo ukikaanga omena, dagaa wa ziwani, jirani anajua umetia nyanya au hukutia. Mwanangu ni fundi wa mawe mjini Kisumu. Mkewe ni mchuuzi wa samaki: alfajiri yuko ufuoni akingoja mashua, mchana anakaanga, jioni yuko Otonglo na beseni lake.

Sasa, mwanamke wa samaki katika ziwa hili ana jina baya kabla hajafungua mdomo. Sababu ni jaboya. Jaboya ni mvuvi anayemwekea mwanamke samaki kwa sharti kwamba alale naye. Wapo, sikatai. Njaa imewasukuma wanawake wengi huko, na sijawahi kusikia mvuvi hata mmoja akiitwa kikaoni kwa ajili ya hilo. Lakini si kila mwenye beseni ana jaboya, kama vile si kila mwenye panga ni mnyang'anyi. Nyar Nyakach alinunua kwa mashua moja tu, ya mzee mmoja mlokole ambaye hata salamu huwapa wanawake akiwa anatazama maji.

Nilianza kumwona Nyar Nyakach akienda chooni na kurudi, akienda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu kule. Akitoka anashika ukuta. Mara nyingine anakaa kwenye kigoda amebana magoti, jasho linamtiririka na jua halijapanda. Nikimwuliza anasema, "Ni mgongo tu, Mama." Mgongo! Nimezaa, nimezika, nimelima. Mgongo naujua.

Lakini hangeweza kuniambia. Kwetu mke hamtajii mama wa mumewe mambo ya chini ya kiuno, na mama wa mume hayaulizi. Tunaita heshima. Heshima hiyo imewazika wengi na hakuna anayeishtaki.

Alimwambia mumewe, na mumewe akampeleka kliniki moja ya kando ya barabara. Yule daktari, kama kweli ni daktari, alimwuliza swali moja.

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza samaki."

"Aaa," akasema.

Hiyo "aaa" ndiyo iliyokuwa kipimo chote. Hakuna mkojo uliochukuliwa, hakuna damu, hakuna chochote. Akaandika dawa za ugonjwa wa zinaa, akaagiza na mume naye adungwe sindano. Mwanangu akadungwa, akarudi nyumbani akiwa amevimba uso kuliko palipodungwa.

Maumivu yakatulia kidogo, kisha yakarudi. Wakarudi kliniki, wakapewa dawa zilezile, yakarudi tena. Na kila yaliporudi, watu hawakuhesabu ugonjwa, walihesabu wanaume. Majirani wakaanza kumwitikia salamu kwa midomo iliyofungwa. Mwanangu akahamisha godoro akawa analala mjini kwenye jengo wanalojenga, akisema kazi ni nyingi. Kazi gani inayomfanya mtu asile kwa mkewe? Nilimpigia simu nikamwuliza hivyo hivyo. Akasema, "Mama, mambo mengine ni ya wanaume." Nikamwambia mimi ndiye niliyemfunga nepi, ajue anaongea na nani. Akakata simu.

Halafu shemeji yangu akaingia. Huyu ni ndugu wa marehemu mume wangu, na tangu tumzike anajiona kuwa ndiye nguzo inayoshikilia paa langu. Akatangaza kwamba Jumapili baada ya kanisa ukoo utakaa nyumbani kwake, na ajenda ni moja: Nyar Nyakach arudishwe kwao. Arudishwe! Kama sufuria iliyonunuliwa sokoni ikafikishwa nyumbani ikakutwa imetoboka.

Nilikwenda jikoni nikamkuta akipara samaki. Nikafunga mlango.

"Nyar Nyakach, ukikojoa unaungua?"

Kisu kikamwanguka. "Mama!"

"Mama ndiye anayeuliza. Unaungua?"

Akamtazama yule samaki kana kwamba ndiye atakayejibu. "Naungua."

"Na ukimaliza unasikia bado kumebaki?"

"Nasikia bado. Mama, tafadhali."

"Mkojo wenyewe una harufu?"

"Mama, nitakimbia."

"Kimbia, lakini ujibu huku unakimbia. Kwa sababu mimi pia naungua."

Aligeuka polepole, magamba ya samaki yamemjaa mikononi. "Wewe?"

"Mimi. Tangu masika yaliyopita, yanakuja na kuondoka. Na baba yenu tulimzika wewe hujaolewa hapa. Niambie basi, na mimi jaboya wangu ni yupi? Yule mlokole?"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na akiwa pale chini ndipo kilio kikaja. Nikamwacha alie, nikamalizia kupara samaki, maana samaki hangoji.

Alipotulia nikamwuliza kwa nini simwoni akinywa maji. Mwanamke anayekaa juani kutwa, midomo imepasuka kama matope ya Januari, hanywi maji! Akaniambia, "Nikinywa nitakwenda wapi, Mama?" Na hapo nikapata hasira mpya juu ya ile ya zamani. Ufuo wetu una choo. Kimejengwa kwa matofali, kina rangi, kilifunguliwa kwa hotuba na soda. Kina kufuli. Ufunguo uko katika mfuko wa suruali ya mwenyekiti wa kamati ya ufuo, na mwenyekiti huja akipenda. Wanaume wao hugeukia mafunjo wakamaliza shida yao huku wakiendelea na mazungumzo. Wanawake hubana tangu alfajiri hadi warudi nyumbani, na ili waweze kubana, hawanywi. Wamezoea hivyo mpaka wanafundishana. Mgeni akija kuuza, wenzake humwambia, "Hapa usinywe maji asubuhi." Wanaliona hilo kuwa ujuzi wa kazi.

Kesho yake nikamchukua tukaenda Kisian. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, hufanya kazi maabara moja upande ule. Ananiita Dani, yaani nyanya. Mimi nilikuwa nimejitayarisha, nimekuja na mkojo wangu toka nyumbani katika chupa ya siagi ya karanga.

"Dani, hii ni nini?"

"Nimeiosha na maji moto."

"Dani, humu nitakuta karanga, nitakuta Blue Band, nitakuta kila kitu isipokuwa ugonjwa wako." Akatupatia vikopo vidogo vyenye vifuniko vyekundu, akatueleza namna ya kujisafisha kwanza na kuukinga mkojo wa katikati, si wa mwanzo. Nyar Nyakach akataka kuingia sakafuni kwa aibu. Mjukuu wangu akamwambia, "Mke wa mjomba, mimi hapa kazi yangu ni mikojo. Wewe unaona samaki, mimi naona hii. Leta."

Akasema hawezi kutupa jibu palepale. Lazima amwoteshe mdudu kwenye sahani mpaka aonekane, kisha ajaribu ni dawa ipi inayomwua. Yule wa kliniki alihitaji "aaa" moja. Huyu aliyesoma kweli alihitaji siku kadhaa. Tukarudi Jumamosi, siku moja kabla ya kikao.

"Ni yuleyule kwenu nyote wawili," akasema. "Ni bakteria wa tumboni. Kila mtu anaye, hata askofu. Akikaa ndani ya utumbo hana neno. Akipanda njia ya mkojo ndipo taabu inapoanza."

Mimi nilikuwa na swali langu, nimelibeba njia nzima. "Mkojo unatoka kwa nguvu. Ni mto ule. Unasomba kila kitu. Kijidudu kidogo hivyo, kisichoonekana, kwa nini hakisombwi?"

Akanitazama akatabasamu. "Hapo ndipo penye jambo, Dani. Kina nywele."

Akafungua kompyuta akatuonyesha picha. Naapa nilitaka kucheka. Kilikuwa kama punje ya mchele iliyoota nywele pande zote, nywele nyembamba zimetapakaa kama za mtu aliyeamka vibaya.

"Hizi hazioti kama zetu," akasema. "Kinazijenga chenyewe, kipande kwa kipande. Hebu nione hiyo katani yako."

Mimi nikingoja mahali husokota kamba, kwa hiyo katani ilikuwa mkobani. Nikampa. Akauliza, "Nyuzi zikikaribia kuisha, kamba haijafika unapotaka, unafanyaje?"

"Kila mtoto anajua. Unaingiza mkia wa uzi mpya katika pengo la ule unaoisha, unasokota, unaendelea."

"Basi nacho kinafanya hivyo. Kila kipande cha nywele zake kinazaliwa na upungufu. Ubavuni kina pengo, kama mfuo, na mbele kina mkia. Kikiachwa peke yake na hilo pengo wazi, kinajikunja vibaya au kinagandana na wenzake, kazi inaharibika. Kwa hiyo ndani kuna msindikizaji. Huyo hukipokea kipande, akaziba lile pengo kwa kidole chake mwenyewe, akatembea nacho hivyo mpaka ukuta wa nje. Pale ukutani pana mlango, na mlango una mpokeaji wake, kama wale wanaopokea watu kanisani na kuwaonyesha pa kukaa."

"Halafu?"

"Halafu pale mlangoni kipande kipya kinaingiza mkia wake katika pengo la kile kilichotangulia. Kidole cha msindikizaji kinasukumwa nje, pengo linazibwa na mkia, na viwili vimeungana. Cha mbele kinasogezwa nje, kingine kinakuja na msindikizaji wake, kinaingiza mkia. Na kingine. Na kingine."

Nikamwambia, "Ni bibi harusi huyo. Zamani msichana hakuja kwa mume peke yake, wenzake walimshika mkono mpaka mlangoni, wakamwachia pale."

"Sawa kabisa, ila hapa akishaachiwa anamshika bibi harusi aliyetangulia, na aliye nyuma anamshika yeye, mpaka msururu mzima umetoka nje ya nyumba. Na wa kwanza kutoka ndiye mwenye kazi. Ile ncha ndiyo iliyo na ndoana."

"Ndoana ya kushika nini?"

"Sukari."

"Kwa hiyo nipunguze chai?"

"Si sukari ya chai, Dani! Ni sukari iliyo juu ya ngozi ya kibofu, humo ndani. Kila mtu anayo. Ndoana inaikamata. Na kamba yenyewe imejiviringa kama springi. Mkojo ukija kwa nguvu, springi inafunguka, kamba inarefuka, haikatiki. Mkojo ukipita, inajiviringa tena inarudi. Na ile ndoana, kadiri inavyovutwa ndivyo inavyokaza."

Nilikaa nikikitazama kile kijidudu kwenye kioo, na nilikasirika, nisiseme uongo. Nimesokota kamba tangu mikono yangu ilipopata nguvu. Hakuna aliyewahi kuniziba pengo kwa kidole chake akanisindikiza mpaka mlangoni. Kisha kiumbe kisicho na macho wala shukrani kina msindikizaji, kina mpokeaji, kina fundi wa springi, vyote kwa ajili ya kuning'inia kwenye kibofu cha mwanamke anayebana mkojo kwa sababu mwenyekiti amelala na ufunguo!

Sasa Nyar Nyakach akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si uchafu wangu?"

"Si uchafu, mke wa mjomba. Njia ya mwanamke ni fupi, na mlango wake uko jirani na anakokaa huyu mdudu. Ukibana, ukikosa maji, unampa nafasi ya kujishikiza na kuzaana. Hata ndoa, ndoa halali ya kanisani, inaweza kumsukuma apande. Bila kosa la mtu."

"Hata mume wangu?"

"Hata yeye anaweza kuwa amemsukuma, na hakuna jaboya hapo."

Akatupatia dawa ambayo mdudu wetu hawezi kuistahimili, akatuonya tumalize zote hata tukijisikia wazima, tunywe maji, tusibane. Nikamwuliza kama hakuna dawa ya kumnyima huyo mdudu nywele, abaki na upara, asombwe. Akasema wapo wanaotafuta namna ya kuuziba ule mlango au kumzuia msindikizaji, lakini bado hawajafika mahali pa kunipa chupa. Nikasema wafanye haraka.

Njiani kurudi Nyar Nyakach akasema, "Kesho nani ataniamini?" Nikamwambia kesho atakaa na mimi nitasema. Akasema, "Mama, utayasema haya mbele ya wanaume?" Nikatoa katani mkobani nikaanza kusokota.

Jumapili tukaenda kwa shemeji. Ana sebule yenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, na televisheni ambayo hakuizima, aliipunguza sauti tu, watu wakawa wanaamua ndoa ya mtu huku jicho moja liko kwenye mpira. Wazee wa ukoo walikuwepo, wavuvi wawili wakiwa kati yao. Mwanangu aliketi karibu na mlango. Mkewe alikaa sakafuni kwenye mkeka, na hakuna aliyemwambia apande kwenye kiti.

Shemeji akafungua kwa maombi, marefu, mazuri. Kisha akasema, "Nyar Nyakach ametuletea ugonjwa wa ufuoni. Ametibiwa, umerudi. Ametibiwa, umerudi. Hii inaonyesha kwamba anakoutoa bado anakwenda. Mtoto wetu ataoza. Mimi nasema arudi Katito akapumzike."

"Akapumzike!" nikasema. "Amekuomba likizo?"

"Nyar Alego, utapewa nafasi."

"Nimeshaichukua." Nikasimama. "Nyinyi wawili ni wavuvi. Mkitega ndoana za mbuta, samaki akivuta, ndoana inafanya nini?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Inazidi kuingia."

"Na kamba mnayotegea, mawimbi yakiivuta, mnataka iwe ngumu kama waya?"

"Hapana, lazima itoe kidogo. La sivyo itakatika."

"Basi mmeuelewa ugonjwa wa huyu mtoto kuliko yule aliyesema 'aaa'." Nikawaeleza. Nikawaambia juu ya kijidudu cha tumboni ambacho kila mmoja pale alikuwa amekikalia wakati huohuo, na mmoja wao akasogea kwenye kochi. Nikawaeleza nywele, vipande, pengo na mkia, msindikizaji na mlango, ncha inavyotangulia na ndoana yake. Nikawaonyesha kwa kamba yangu. Wavuvi wakainama kutazama. Hata mpira wakausahau.

Shemeji akacheka kwa pua. "Kijidudu kisichoonekana. Na wewe nywele zake umeziona?"

"Nimeziona kwenye picha. Wewe jaboya wa huyu mtoto umemwona wapi? Nawe tuonyeshe picha."

"Hayo ni maneno ya maabara. Kuna mambo maabara haiyajui. Ugonjwa unaotoka na kurudi sisi tunaujua. Hiyo ni chira."

Chira ni ile laana inayomwandama aliyevunja mwiko. Ni neno zuri kwa mtu asiye na ushahidi, kwa sababu halihitaji. Likitua juu ya mtu, hata kukohoa kwake kunakuwa kukiri.

"Kama ni chira," nikasema, "basi tuko wawili. Mimi pia naungua nikikojoa."

Katika televisheni mtu alifunga bao na hakuna aliyegeuka.

"Mkojo wangu ulipimwa siku moja na wake, akatoka mdudu yuleyule. Mimi ni mjane. Nalala na mjukuu wa miaka saba anayepiga mateke. Haya, andaeni kikao kingine. Mniulize jaboya wangu ni nani."

Mmoja wa wale wavuvi, binamu wa marehemu mume wangu, alikuwa na chai mdomoni. Ikamtoka puani. "Nyar Alego ana jaboya!" akasema akipiga goti lake. "Jamani, nani huyo shujaa?"

"Akiwepo mniletee," nikamwambia, "kuna kuni za kupasua."

Sebule nzima ikapasuka kicheko, isipokuwa watu watatu. Shemeji hakucheka. Mwanangu hakucheka, alikuwa ameficha uso kwenye viganja, maana hakuna mwanamume wa kwetu anayetaka kusikia habari za mkojo wa mama yake katika hadhara. Na Nyar Nyakach hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe.

Wazee wakanong'onezana. Kisha shemeji, aliyeona upepo umegeuka na hakutaka kuachwa na mashua, akakohoa akasema kwa sauti ya ukarimu, "Basi. Sisi ni watu wa Mungu. Tumemsamehe. Akae."

Tumemsamehe! Nilifungua mdomo, lakini mwingine akanitangulia. Nyar Nyakach alikuwa amesimama kutoka kwenye mkeka.

"Baba," akamwambia shemeji kwa adabu yote, ameinamisha kichwa, "mnanisamehe nini?"

"Eh, hayo yaliyopita."

"Yapi? Nimelaumiwa kwa mdudu. Samehe mdudu." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, hujasema neno tangu asubuhi. Mlitaka niende Katito. Nakwenda. Sijarudishwa, nakwenda kwa miguu yangu na dawa zangu. Ukinitaka, njoo unichukue. Na ukifika utamwambia mama yangu ni ugonjwa gani nilikuwa naumwa, kwa mdomo wako, ili asisikie lingine sokoni."

Akatoka. Mimi nilitaka abaki, nimeusemea mkojo wangu mbele ya ukoo ili abaki, na sikuweza kumlaumu. Nilimbebea mfuko hadi barabarani. Pale akasema, "Mama, unywe maji," nikamwambia, "Na wewe."

Mwanangu alibaki nyumbani. Nilimpikia, akala, nikamwambia chakula hicho ni cha huruma, si cha mapenzi. Dawa zangu zilipoisha nilikuwa nakojoa kama msichana, na nilihakikisha naye anajua.

Jumamosi moja alivaa shati lake la harusi akaenda Katito.

Yaliyotokea huko niliambiwa na Nyar Nyakach. Lazima mjue kwamba kwetu mwanamume mbele ya mama wa mkewe ni kama mtu anayetembea juu ya mayai. Hamtazami usoni, hali mbele yake ovyo, hatamki neno lolote lenye mwili ndani yake. Mama yule alikuja akaketi mbali, amejitanda leso hadi kwenye paji la uso, akasema, "Baba, karibu. Nimeambiwa una neno."

Mwanangu akatazama sakafu. Akauliza mvua huku zimekuwaje. Wakamjibu zimekuwa nzuri. Akasema mahindi yanapendeza. Wakakubali. Nyar Nyakach alikuwa amekaa pale akisubiri, hakumsaidia hata kwa kikohozi.

Mwishowe akasema, "Mama, mtoto wako alikuwa na ugonjwa wa... wa njia ya haja ndogo. Ni mdudu. Ana nywele zenye ndoana. Hakuupata kwa mtu. Mimi nilisema aliupata kwa mtu, na nilisema uongo."

Mama yule akavuta leso ikafunika uso wote. Mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo hawajui kama alikuwa analia au anacheka. Kisha sauti ikatoka chini ya leso: "Baba, nimesikia. Sasa useme na upande ule mwingine wa nyumba, baba yake masikio ni mazito."

Na mwanangu akainuka, akaenda, akayasema yote upya, kwa sauti ya juu.